Hilaria wa Nakazwe, Mwanamke Aliyemshtaki Lyamba

Tunayemlaza leo katika udongo wa Mwese, tarehe 11 Juni 1976, ni mama yetu na bibi yetu Hilaria, mtoto wa Nakazwe. Familia inaomba jina hilo lisikike mpaka kwa waliosimama nyuma kabisa, kwa sababu wapo waliopanda mlima huu wakiwa na jina jingine mdomoni. Hilo jingine nalo litasomwa, lakini litasomwa kama jina la mshtakiwa.

Marehemu alizaliwa Ulungu, kusini mwa ziwa, kiasi cha mwaka 1892. Siku na mwezi hatuna. Hilo si kosa la mama yake, maana mama yake alizijua. Kosa ni la watu wenye bunduki waliowakuta mama na mtoto mtoni asubuhi, wakati mtoto huyo hajang'oa hata jino la kwanza la utoto. Alikumbuka mtungi uliopasuka, mkono ulionuka samaki uliomziba mdomo, na wanawake wa ng'ambo ya mto waliokuwa wakikimbia huku wakiita, Nakazwe, Nakazwe. Ndivyo alivyolijua jina la mama yake, kwa kulisikia likilia. Sura na jina la baba yake hakuvikumbuka. Mama na mtoto walitenganishwa ufukweni, kila mmoja akaenda na mnunuzi wake, na hawakuonana tena katika dunia hii. Mtoto alipita mikononi mwa watu mpaka akafika Kabungu kwa Lyamba, tajiri wa pembe za ndovu na mashamba, aliyempata kwa chumvi. Lyamba akamwita Faida. Fikirini mtu anayemtazama mtoto anayelia, akaona jina hilo ndilo linalomfaa.

Shule hakusoma. Alisoma jiwe la kusagia, na kuni, na kuamka kabla ya jogoo. Alifundishwa kupiga magoti na kupiga makofi kila mzee wa nyumba anapopita, kama mabinti wa nyumba walivyofanya. Mgeni aliyeingia kwa Lyamba asingeweza kutofautisha aliyezaliwa na aliyenunuliwa, na Lyamba alipenda iwe hivyo. Alikuwa akisema watu wake wote ni wanawe. Tofauti ilionekana wakati wa kula, wakati wa kuozesha, na wakati wa kuzika.

Katika nyumba hiyo alikutana na Ng'washi, kijana wa Kisukuma aliyekuwa amenunuliwa kama yeye. Hakuna mahari iliyopita, maana hakukuwa na wa kuipokea. Mwaka 1912 wakamzaa Marsela, huyu mama yetu aliyekaa mbele yenu. Sheria ya Wadachi ilikuwa imekwisha sema kwamba mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru. Hakuna aliyejisumbua kufika Kabungu kumwambia mama yake. Marsela alizaliwa huru, akabebwa mgongoni na mtumwa, na wote wawili hawakujua. Mwaka 1916 Ng'washi alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Mzigo ulifika ulikokwenda. Yeye hakurudi.

Habari ya sheria ya Waingereza, iliyotoka mwaka 1922, ililetwa na seremala wa misheni aitwaye Bartolomeo, aliyekuja kutengeneza milango ya Lyamba. Marehemu alikuwa akimletea maji ya kunywa. Maneno yao alitusimulia mara nyingi, na kila mara alicheka mahali palepale.

"Serikali mpya imekataza," Bartolomeo alimwambia huku akipiga randa. "Anayetaka kwenda, aende."

"Na akizuiwa?"

"Anashtaki."

"Mtu anamshtaki vipi mwenye nyumba anamolala?"

"Kwanza anatoka kwenye nyumba, dada yangu. Hujaona mlango huu? Ninautengeneza ufunguke."

Hakutoka siku hiyo. Alitoka miezi mingi baadaye, aliposikia kwamba Lyamba amemwahidi Marsela, mtoto wa miaka kumi na mmoja, kwa mzee mwenzake aliyekuwa na ugomvi naye, ili ugomvi uishe. Alisema kwamba yeye mwenyewe angeweza kuvumilia mpaka kufa, kwa kuwa alikuwa amekwisha zoea. Lakini alipomwona yule mzee akimkagua mtoto meno, mazoea yakamtoka. Walitembea, mama na binti, wakilala kwa watu wa misheni njiani, mpaka bomani.

Shauri lilisikilizwa mara ya kwanza mwezi wa Mei 1923, mbele ya bwana shauri na wazee wa baraza. Marehemu alikuwa amesimama mahali alipoonyeshwa. Lyamba akaingia, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Na hapo marehemu, aliyetembea njia yote ile ili amshtaki mtu huyu, alipiga magoti chini na kumpigia makofi.

Lyamba hakuhitaji shahidi mwingine. "Bwana, umeona kwa macho yako," alisema. "Mtu wa kununuliwa ananiamkia hivi? Huyu ni binti yangu. Amekorofishwa na watu tu. Nirudishieni, nitamsamehe."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Bwana shauri akaahirisha. Nje, Bartolomeo aliyewasindikiza alimuuliza, "Umefanya nini, mama Marsela?"

"Sikufanya mimi. Magoti yalikwenda yenyewe."

Tumwelewe vizuri. Huo haukuwa woga. Hiyo ndiyo kazi ambayo utumwa uliifanya ndani ya mwili wa mtu, ikamfanya atoe ushahidi dhidi yake mwenyewe akiwa na macho makavu. Na waliomfundisha kupiga magoti wakaja barazani kuyatumia magoti yale yale kama hati.

Mwezi wa Agosti walirudi. Lyamba akaingia na kanzu yake. Safari hii marehemu alisimama wima. Alisema aliyakaza magoti mpaka yakamuuma, nayo hayakukunjika.

Mzee mmoja wa baraza alimkemea. "Wewe binti, huna adabu?"

"Ninayo, babu. Nimeiacha nje, mwanangu anailinda."

Alipopewa nafasi ya kusema, hakueleza mapigo wala njaa, ingawa angeweza kueleza mpaka jua lizame. Aliomba Lyamba aulizwe swali moja. Nyie nyote mnaijua desturi. Mwanamke akifa, habari ya kwanza inakwenda kwa wajomba zake, na wasipofika, mazishi yana lawama. Mtu mwenye ukoo ana wajomba, hata wakiwa maskini, hata wakiwa wabaya. Basi akasema, "Anasema mimi ni binti yake. Mwulizeni, nikifa kesho, habari atampelekea nani? Wajomba zangu ni akina nani?"

Lyamba akajibu, "Wajomba zake wako mbali."

"Mbali wapi? Ataje mto. Ataje mtu mmoja."

Lyamba aliwageukia watu wake, na watu wake wakatazama chini. Ndipo yule yule mzee aliyemkemea akaanza kucheka taratibu. "Lyamba, mama yake huyu ulimwoa kwa nani? Kwa upepo?"

Baraza zima likacheka, na bwana shauri akamuuliza mkalimani wanacheka nini. Tarehe 14 Agosti 1923 iliamriwa kwamba mwanamke yule na binti yake ni watu huru, na kwamba Lyamba hana dai lolote juu yao.

Lakini amri huandikwa na mtu. Karani aliuliza jina la baba. Marehemu akajibu kwamba hamjui, aandike Nakazwe, ndiye mama yake. Karani akasema kitabu kinataka baba, tena saa ya chakula imefika. Kalamu ikaandika. Yeye hakujua kusoma, wala Bartolomeo. Akapokea karatasi yake, akaikunja, akaiweka kifuani, akaenda zake akiamini kwamba yaliyomo ndiyo aliyoyasema.

Alibatizwa Hilaria Jumamosi Kuu ya mwaka 1927, na mwezi wa Juni mwaka huohuo akafunga ndoa na Bartolomeo. Padre alipowaambia wapige magoti, alikawia kidogo, na Bartolomeo akamnong'oneza, "Huyu wa hapa hakukununua." Akapiga. Kwa mtu mwingine yeyote hakupiga tena maisha yake yote, si kwa mtemi, si kwa bwana shamba, si kwa wakwe. Wengi walimwita jeuri. Walihamia hapa Mwese, wakalima maharage na mahindi, na mwaka 1929 wakampata Apolinari. Mwaka 1938 Bartolomeo alipanda meli ya ziwani hadi Ulungu kumtafutia mkewe wajomba. Aliuliza kila gati na kila mto, akarudi bila kitu, isipokuwa kikapu cha samaki wakavu. Marehemu alimpikia, akamwambia amekwenda mbali kuliko mjomba yeyote angekwenda. Bartolomeo alifariki mwaka 1961, naye yuko hapa, chini ya msalaba huu alioupiga randa kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi yake iliyojulikana ni kilimo. Kazi ambayo haikuandikwa popote ilikuwa ya kuwafundisha watu kusimama. Habari ya shauri lake ilizunguka, na wanawake wa nyumba nyingine kama ya Lyamba wakaanza kumjia usiku na mchana, wakitaka kwenda bomani nao. Hakumpeleka mtu kabla hajampa zoezi. Bartolomeo alikaa uani kwenye kigoda, amejifunga shuka jeupe, ameshika fimbo, anakohoa kama tajiri. Mwanamke alitakiwa kupita mbele yake na kusema shida yake wima. Aliyepiga magoti alirudishwa mwanzo. "Nyoosha goti, dada," marehemu alikuwa akisema. "Huyo ni Bartolomeo tu, jana nilimfokea." Baadhi yao walilia kwanza, wakacheka baadaye, wakashinda barazani. Watoto wao wamo katika umati huu, nao wanajijua.

Mwaka 1971 alijiunga na darasa la kisomo cha watu wazima, akiwa mzee kuliko ubao. Mwalimu alimwona ameandika Hilaria Nakazwe, akamwambia kwa upole, "Bibi, hilo la pili ni la mwanamke. Andika la baba."

"Aliyenizaa alikuwa mwanamke, mwalimu. Wa kwako alikuwa nani?"

Darasa halikuendelea siku ile kwa vicheko.

Sasa tunafika mahali ambapo familia haiwezi kusoma kwa sauti ya upole, na haitajaribu. Mwaka 1974 watu walipohamishiwa vijijini, lori lilimteremsha marehemu na mizigo yake katika kijiji kipya upande wa Kabungu. Alijipangusa vumbi machoni, akatazama mti, kilima na kijito, akakaa chini juu ya godoro lake. Ilikuwa ardhi ya Lyamba. Na balozi wa nyumba kumi alizopangiwa alikuwa Melkiadi, mjukuu wa Lyamba.

Melkiadi hakumtukana. Tungependa angemtukana. Alimwamkia kila asubuhi kwa heshima zote, "Shikamoo bibi, mtu wetu."

Naye akajibu kila asubuhi, "Marahaba. Mtu wenu mtafute kwenu."

Mwaka uliofuata, posa ya mjukuu wake Kasilda ilipokuja, Melkiadi alifika na kukaa kwenye mkeka wa mahari bila kuitwa, akidai nafasi ya babu. Marehemu akampeleka baraza la usuluhishi. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini, na alikwenda kwa miguu, na alisimama. Karatasi yake ya mwaka 1923 ilikuwa imeliwa na mchwa zamani, kwa hiyo baraza likaagiza nakala kutoka kwenye kumbukumbu za shauri. Nakala ikaja. Marehemu akaomba aisome mwenyewe. Alikuwa amejifunza kusoma kwa ajili ya sala na majina ya wajukuu. Akaweka kidole chini ya mstari, akakisogeza polepole, na barazani wote wakamsikia akisoma: Faida binti Lyamba, ameachwa huru.

Alirudia mara ya pili, akidhani amekosea kusoma. Hakukosea. Amri ile ile iliyomtoa mikononi mwa Lyamba ilikuwa imemwandika mtoto wa Lyamba. Alikuwa ameitembeza kifuani miaka mingi, akiwaonyesha wanawake wengine, akiwaambia hiki ndicho kinachopatikana ukisimama.

"Si mnaona wenyewe?" Melkiadi alisema, na alisema kwa sauti tamu. "Bibi ni dada wa baba yangu."

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, aliyependa mambo yaishe. "Bibi, mambo ya utumwa yamefutwa. Siku hizi sisi sote ni ndugu. Hata andiko lenyewe linasema ni ndugu."

"Ndugu hanunuliwi kwa chumvi, mwenyekiti."

"Ni ya zamani hayo, bibi."

"Kama ni ya zamani, mbona yeye anayadai leo?"

Waliambiwa wakapatane nyumbani. Hivyo ndivyo alivyodhulumiwa safari ya pili, tena bila bunduki, kwa neno zuri kabisa. Undugu ni kitu kitakatifu, na ndiyo maana inatia hasira kuuona umetumiwa kama kamba.

Mwezi wa Februari mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kupungua. Alilazwa hospitali Mpanda mwezi wa Aprili, akahudumiwa vizuri, madaktari wakasema ni moyo umechoka, akarudishwa nyumbani. Kichwa chake hakikuchoka. Alijua kwamba shauri lake sasa litaamuliwa na kaburi. Akilala kwenye makaburi ya Lyamba, hakuna mjukuu wake atakayeweza tena kusema kitu. Akamwita Marsela.

"Nikifa msinilaze Kabungu. Nipelekeni kwa Bartolomeo."

"Mama, barabara ya Mwese unaijua. Gari halipandi."

"Mimi si gari. Nibebeni."

Alipokea sakramenti, akawaaga majirani, na asubuhi ya Jumatano tarehe 9 Juni 1976 akafariki, mkono wake ukiwa katika mkono wa Marsela.

Mwili haujaoshwa, Melkiadi alifika na sanda kwapani na kusema kwamba yeye ndiye mwenye msiba. Vijana wake walikuwa wamekwisha chimba kaburi. Walilichimba kule chini, penye mteremko, upande wa miguu ya Lyamba, mahali ambapo watu wa kununuliwa wamelazwa bila tuta wala msalaba, ili mzee asikose wa kumtuma huko aliko.

"Nyie ni watoto wa upande wa kike na wakwe," Melkiadi alisema. "Mzigo huu ni wa ukoo. Wazee wangu wameshakubali."

Marsela ana miaka sitini na minne. Aliinuka kwenye mkeka. "Melkiadi mwanangu, mama yangu alikuwa huru kabla baba yako hajaota ndevu. Chukua sanda yako."

"Na kaburi je? Limeshachimbwa, shangazi. Kaburi haliachwi wazi, mnajua. Litaita mwingine."

"Litaita aliyelichimba."

Apolinari na vijana wa kijiji, wakiwemo wawili wa ukoo wa Lyamba wenyewe, ambao Mungu awabariki, walimpandisha marehemu kwenye lori mpaka chini ya milima, kisha wakamweka kwenye machela na kumbeba kwa kupokezana. Mvua ya jana, isiyo ya msimu wake, iliwakuta njiani. Hakuna aliyemweka chini kwenye tope. Mmoja alisema bibi ni mzito kwa mtu aliyekonda hivyo, na mwenzake akamjibu, "Amesimama humo ndani, unafikiri nini?"

Marehemu ametanguliwa na mama yake Nakazwe, na Ng'washi, ambaye kaburi lake hatulijui, na mumewe Bartolomeo. Ameacha watoto wawili, Marsela na Apolinari. Wajukuu tisa, akiwemo Kasilda. Vitukuu ambao bado wanaongezeka. Na wanawake wa vijiji vingi wanaotembea wima. Ukoo wa Lyamba wa Kabungu haumo katika orodha hii. Wanaotoka huko wakiwa majirani wamekaribishwa kutupa udongo pamoja na majirani wengine, baada ya familia.

Limebaki jambo moja. Shimo la Kabungu liko wazi mpaka saa hii, na desturi ni ya wote: kaburi lililochimbwa likakosa mtu huzikwa mgomba, ukavikwa sanda, ukaliliwa kama maiti, ili lisiite mtu mwingine. Ndugu Melkiadi, tunakuona pale nyuma. Kata mgomba. Sanda unayo. Uvike, uulaze chini ya miguu ya babu yako, uulilie wewe na wazee wako mpaka mchoke, kwa sababu hapa hakuna atakayekuja kuwasaidia kulia.

Huyu wetu tunamshusha sasa, pembeni mwa mumewe. Mwenyezi Mungu amtulize, na asiamshwe tena na sauti ya mtu yeyote ila ya aliyemuumba.